Chupa Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi 1975

Makoti sita leo. Nimeanza baada ya sala ya alfajiri, kwenye bomba la nyuma ya stesheni. Maji yanatoka kidogo kidogo kama yanabembelezwa. Lile ghala la rangi lililoungua Jumamosi kule viwandani Bugolobi limeingia lote katika makoti haya. Maji ya kwanza meusi. Ya pili meusi. Ya tatu rangi ya chai. Sabuni hakuna, ila ya magendo, na mimi sinunui magendo kwa ajili ya nguo za serikali. Nimesugua kwa petroli ya gereji kama siku zote. Mikono inaniwasha. Itapoa.

Wenyewe hawapendi kufuliwa. Kwa hawa wazimamoto koti safi ni aibu, ni koti la mtu ambaye hajaona moto. Kurutu akija na koti jipya wanamcheka mpaka analipaka masizi ya jikoni. Upumbavu mtupu. Nawafulia kwa nguvu, wapende wasipende, tangu marehemu mume wangu alipokuwa hapa.

Salimu mwanangu alirudi kutoka moto ule shingo nyeusi, bado anatema mate meusi. Nilikwenda kuuona moto wenyewe, nikasimama barabarani na watu. Moshi ulipanda wa kijani, ukageuka zambarau, halafu pipa likapasuka na mbingu yote ikawa ya dhahabu. Na mwanangu alikuwa ndani ya ile dhahabu ameshika mpira wa maji. Nilimzaa mimi yule. Nilisimama mdomo wazi kama mtoto mdogo. Sikuona haya.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja daktari stesheni. Kijana mrefu, miwani imefungwa uzi sikioni, viatu vimechoka. Wanamwita Dokta Erisa. Anatoka hospitali kubwa ya kilimani. Wenzake wengi wamekimbia nchi, yeye yuko.

Nilikuwa naanika, nikasikia yote. Amewaambia wanaume kwamba moshi hauishi mtu anapotoka ndani ya moto. Unakaa kwenye ngozi, unakaa kwenye mapafu, unapita kwenye damu, unachujwa, unakwenda kukaa kwenye kibofu kungoja kutoka. Na pale unapongoja, mwaka baada ya mwaka, unaweza kuzaa kansa. Waganda wanaiita kokolo. Kasema amewaona wazimamoto wawili wastaafu wodini kwake, wote walikuja wamechelewa, hakuwa na la kuwafanyia ila dawa ya maumivu. Kasema ugonjwa huu unaanza kimya, mtu anakula, anacheka, na kumbe upo. Anataka kuutafuta kabla haujajitangaza.

Hili lilinishangaza. Mimi najua daktari wa kutafutwa na mgonjwa. Daktari anayemtafuta mgonjwa ambaye hajui kama anaumwa, huyo sijapata kumwona.

Amewapapasa shingo na makwapa mmoja mmoja. Kisha kila mmoja kapewa kichupa cha dawa kilichooshwa, ndani tone la spiriti, na namba juu. Mkojo wa asubuhi, Jumatatu. Wanaume wamecheka sana. Sajini kasema chake kitawaka moto, waje na gari. Dokta naye kacheka, lakini hakuondoka mpaka kila mtu amechukua.

Salimu kapewa namba kumi na saba.

Ijumaa, 7 Machi

Sijapenda.

Namba, sawa. Lakini daktari ana daftari, na katika daftari kila namba ina jina. Mwaka jana walikuja watu na karatasi asubuhi ya gwaride, wakasoma majina matatu. Yote yalianza na O, kama majina ya watu wa kaskazini. Wenye majina wakapandishwa gari, hawakurudi. Makoti yao matatu nilikuwa nimeyafua, yakabaki kwenye kamba siku nne, hakuna aliyethubutu kuyaondoa. Nikayaondoa mimi.

Mimi ni mtoto wa Waswahili, babu zangu walikuja mji huu na misafara ya biashara. Nilimwita mwanangu Salimu. Lakini baba yake alikuwa polisi wa zimamoto wa kutoka Gulu, kaskazini, akamwandikisha Otim. Kwenye karatasi za serikali mwanangu ni Otim. Karatasi yoyote mpya yenye jina hilo naiogopa, hata ya daktari mwema.

Na kuna jingine, naliandika hapa tu. Mkojo wa Salimu ni mweusi. Nimeuona chooni, zaidi ya mara moja, rangi ya chai iliyokaa. Mzee Ocen aliyekuwa dereva wa gari la maji alianza hivyo hivyo. Wakamwona mgonjwa, wakampa barua ya kuachishwa kazi, kota yake, nyumba ya kazi, ikarudi serikalini, akafa kwenye chumba cha kupanga Nakawa. Salimu akionekana mgonjwa tutakwenda wapi? Mke wake Akello ana mimba ya tatu. Twende Gulu, barabara ile ilivyo na askari?

Nafikiri.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya.

Salimu alijaza chupa yake akaiacha dirishani, akaingia kuoga. Nilimwaga. Nikaisuuza, nikaenda chooni, nikajaza yangu. Tone la spiriti lilikuwa limemwagika pia, nikatia jingine kutoka kwenye chupa aliyoiacha mume wangu ya kusafishia vifungo. Nikaiweka pale pale. Salimu katoka na taulo, kaichukua, kaenda. Hakujua kitu.

Mtu anaweza kusema kwa nini nisitie maji. Daktari si mjinga. Anataka mkojo, kapata mkojo. Na wangu ni mkojo wa mtu mzima wa afya. Watoto wanne nimezaa kwenye mkeka wa mama yangu. Hospitali sijalala hata siku moja. Malaria napigana nayo nikiwa nafua. Sasa wataandika kwamba namba kumi na saba ni mzima, na hawatamsumbua.

Nimejisifu leo. Nimekula vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna neno. Sukari hakuna pia. Akello anakunywa chai kavu na kukunja uso kama mimi ndiye niliyekula miwa yote ya nchi hii. Nimemwambia kinywa chake hakijavunjika, atazoea.

Naamka sana kwenda chooni. Uzee.

Jumatatu, 24 Machi

Dokta Erisa amerudi. Ameongea na wanaume mmoja mmoja, nyuma ya gari. Wote wametoka wakicheka. Salimu hakutoka akicheka.

Kaja nyumbani, kakaa kwenye kitanda na buti miguuni, jambo ambalo nimemkataza tangu akiwa kijana. Sikumkataza. Kasema daktari ameona kitu kisicho kizuri kwenye chupa yake. Anamtaka Jumatano ya wiki ijayo, tarehe mbili, atoe mwingine mbele ya macho yake, na huenda wakaingiza mrija wenye taa ndani wakatazame. Akello kaanza kulia. Nikamwambia anyamaze. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Kitu kisicho kizuri. Kwenye chupa namba kumi na saba.



Jumanne, 25 Machi

Ni wangu. Nimezunguka nalo neno hili tangu jana na halina mlango mwingine. Mkojo ni wangu, basi kitu ni changu.

Nimejiambia labda walichanganya chupa. Nimejiambia labda ile spiriti ya vifungo imeharibu. Nimejiambia mengi. Kisha nikaenda chooni, na safari hii nikaangalia, jambo ambalo sikuwa nafanya kwa sababu nani anaangalia. Mwishoni kulikuwa na wekundu mdogo. Kama uzi.

Sikulia. Nilikasirika. Nani amekupa ruhusa, niliuambia mwili wangu. Mimi siumwi.

Ijumaa, 28 Machi

Wenzake wanakuja kukaa naye. Wanakaa kama watu waliokuja matangani, na maiti mwenyewe anawamiminia chai. Sajini kaleta nusu kilo ya sukari, sikumuuliza ametoa wapi. Salimu amempa mmoja redio yake amtunzie. Amemwonyesha Akello karatasi za kota ziko wapi. Amemwambia mtoto akizaliwa wa kiume asimpe jina lake.

Nilisimama jikoni nikisikia. Mwanangu anaagana na dunia kwa ugonjwa wa mama yake.

Nikisema, nitakuwa nimeidanganya serikali, na yeye atakuwa amedanganya, maana nani ataamini kwamba hakujua? Siku hizi watu wanapotea kwa kidogo kuliko hicho. Nisiposema, Jumatano watamwingizia mrija mtu ambaye kitu hicho si chake. Na mkojo wake mwenyewe, ule mweusi nilioumwaga, hakuna aliyeuona. Nimemficha mwanangu kwa watu waliotaka kumsaidia. Mimi niliyejiita mwerevu.

Bado sijasema. Mwoga wewe, Mwanaisha.

Jumanne, 1 Aprili

Siku ndefu. Nitaandika polepole.

Asubuhi nilijaza chupa, nikaifunga kwa kitambaa, nikaiweka kwenye kikapu chini ya majani ya mgomba. Nikamwambia Akello nakwenda kutafuta chumvi. Nikashika njia ya Bukoto kwa miguu, kwenda hospitali.

Mbele kidogo askari wamefunga barabara. Wanafungua mizigo, wanatafuta magendo. Mbele yangu mwanamke kanyang'anywa sabuni zake zote. Zamu yangu. Kijana wa kuweza kuwa mjukuu wangu, bunduki begani, katia mkono kikapuni, katoa chupa, kaiinua juani.

“Mama, hii nini?”

“Mkojo.”

Mwenzake kacheka. Yeye hakucheka. Kafikiri namtania, kafikiri ni waragi, pombe kali ya magendo. Kaifungua kizibo, kainusa kwa nguvu zote, kama mtu anayetaka kujua ni ya mwaka gani. Nikaona uso wake unavyogeuka. Nikasema kwamba mimi ni mgonjwa na ule ni wa daktari, na mama yake angemfundisha kuamini watu wazima. Kanirudishia kwa vidole viwili.

“Enda,” kasema. “Enda na mkojo yako.”

Nilikwenda. Baadaye, kule chini kwenye bonde, nikakaa kwenye jiwe. Ndiyo mara ya kwanza niliyosema kwa kinywa changu kwamba mimi ni mgonjwa. Nilimwambia askari.

Hospitalini niliuliza mpaka nikafika chumba cha mwisho cha ukumbi mrefu. Dirisha moja limezibwa kwa maboksi. Dokta Erisa peke yake, anaosha vioo vidogo kwenye bakuli. Huyo daktari mkubwa anaosha vyombo vyake mwenyewe. Kanikaribisha akaniita Jaja, kama Waganda wanavyoita bibi zao. Nikamwambia mimi si jaja wake na asinikaribishe mpaka anisikie.

Nikasema yote nikiwa nimesimama. Chupa, dirisha, spiriti ya vifungo, jina la O, Mzee Ocen, kota. Nikasema mwanangu hajui. Nikasema anayetaka kukamata anikamate mimi, nimefanya peke yangu, akili yangu mwenyewe, na sijutii kumpenda mwanangu, ila najutia upumbavu.

Alikaa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilingoja anipigie kelele. Badala yake akaanza kucheka taratibu, mabega yanatikisika, mpaka akajishika kichwa. Kasema siku zote hizi ameiangalia namba kumi na saba akidhani ni macho yake yameharibika. Kisha kanivutia kiti.

“Njoo uone, Jaja. Ni wewe huyu.”

Kuna chombo cha chuma, yeye anakiita hadubini. Unaweka jicho juu, chini kuna kioo chenye tone la mkojo wako lililopakwa rangi. Mwanzo niliona kope zangu tu. Kasogeza kitu. Na pakafunguka.

Sina maneno lakini nitajaribu. Uwanja mweupe wa mwanga, na ndani yake punje. Punje za samawati na za waridi, nyingine zimekunjika kama leso, nyingine duara, kila moja na kiini cheusi katikati kama mboni ya jicho. Mamia. Zinaniangalia. Kasema kila mmoja wetu amejengwa kwa punje kama hizo, ngozi, ini, ulimi, zote, na hazihesabiki. Nilidhani mimi ni kitu kimoja. Kumbe mimi ni mji.

Akanionyesha kiini kimoja kwa ncha ya sindano. Pembeni yake, kwenye ukuta wake, kidoa cheusi kidogo sana, mfano wa nukta ya kalamu. Kasema nukta ile iko katika punje nyingi za mwanamke. Mwanamume hana. Ndiyo iliyomtoa jasho: aliletewa chupa ya mzimamoto mwenye ndevu, akaiangalia ikamwambia ni mwanamke. Hakuwa na uhakika, akasema moyoni atamwita Otim arudie mbele yake kwanza. Mwanangu alisikia ugonjwa tu, hayo mengine hayakumwingia.

Niliiangalia nukta ile mpaka jicho likatoka machozi. Miaka yangu yote nimeambiwa mwanamke ni hivi, mwanamke ni vile, na wanaume, na masheikh, na mama yangu. Na Mwenyezi Mungu alikuwa ameniandika mwenyewe, kwa wino wake, punje kwa punje, mahali ambapo hakuna mtu angesoma. Mkojo unaomwagwa chooni, ameuandika. Nilisema Subhanallah kwa sauti. Dokta ni Mprotestanti, akaitikia Amina.

Halafu akasogeza kioo. Kaniambia hizi ndizo. Punje chache, zimejikusanya pembeni. Viini vyake vikubwa mno, vyeusi, vimechongoka, vinasukumana kama watu kwenye foleni ya sukari. Hazikuhitaji kuelezwa. Hata mimi nisiyesomea udaktari niliziona kwamba hazina adabu.

Kaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia makoti. Kaniuliza kwa sabuni gani. Nikamwambia petroli, mikono mitupu. Kasema aliwaza moto na wanaoingia motoni. Hakuwaza bomba la maji la nyuma.

Nikamuuliza kama nitakufa. Kasema hajui mpaka waingie na taa. Ila kasema zinaonekana changa, na kwamba watu anaowapata kwa hatua hii anaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, maana hakuna anayekuja akiwa anafua na kugombana. Wanakuja wakibebwa.

Nikampa chupa niliyokuja nayo. Kaniuliza kwa nini kizibo kimelegea. Nikamweleza habari ya askari. Safari hii tulicheka wote.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwambia Salimu njiani, tukienda. Nilichagua njiani ili asiweze kutoka chumbani.

Alisimama. Watu wakatupita. Alicheka mara moja, sauti fupi, kisha akanitazama kama hanijui.

“Ungeniua, Mama.”

Nikasema, ni kweli. Alitembea mbele yangu mpaka hospitali, na mimi nyuma na sandali zangu, na nilistahili.

Dokta kamsimamia mlangoni akijaza chupa yake. Kaingia nayo kwenye hadubini. Tulikaa ukumbini, Salimu benchi hili, mimi lile. Saa nzima. Katika saa ile niliahidi mambo mengi kwa Mungu, mengine sitaweza kuyatimiza.

Safi. Punje zake safi, za mwanamume, hazina nukta. Weusi ni ukavu: anakaa motoni kwa muda wa saa tatu au nne, hanywi maji, anatoka anakunywa chai ya kuchemka. Kaamriwa maji. Na kila baada ya miezi sita alete chupa, maana safi ya leo si safi ya kesho.

Daftari la majina nililiomba nilione. Kanionyesha. Lina namba tu. Majina anayo kichwani, yote, hajaandika hata moja. Kasema naye anaishi nchi hii.

Niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Salimu hasemi na mimi. Anakula, anashukuru sahani, anatoka. Akello ndiye anayenisemesha. Jana kanishika mkono bila sababu. Nimemwambia aache, ana unga.

Jumatano, 9 Aprili

Wameingia na taa.

Walinichoma ganzi mgongoni, miguu ikaondoka. Nilikuwa macho. Aibu ya mwanamke nimeiacha mlangoni, hapana pa kuiweka kwenye meza ile. Mrija mwembamba kama kalamu, mbele una taa ndogo kama punje ya mtama. Mpasuaji ni mzee mmoja mkimya, na Dokta Erisa kasimama pembeni yake. Mzee aliweka jicho, akatazama ndani yangu. Mahali ambapo hata mimi mwenyewe sijawahi kufika, pakawaka taa.

Kasema kiko kimoja. Kidogo, kama ua la mchicha, kina kikonyo. Hakijaingia ukutani. Kakikata kwa uzi wa moto, kakichoma na shina lake. Nilisikia harufu. Nafua harufu ya kuungua kila wiki, lakini hii ilikuwa ya kwangu.

Nilipofungua macho wodini, Salimu alikuwa kwenye kiti, na sare yake. Ametoka kazini moja kwa moja. Kaulizia kama nataka maji. Nikasema ndiyo. Akaninywesha.

Jumatatu, 21 Aprili

Niko nyumbani. Mkojo unauma, lakini hauna wekundu.

Nimekuwa nikifikiri jambo moja na linanitisha kulifikiri. Kama nisingemdanganya daktari, asingeniona. Angemwona Salimu mzima, akaenda zake, na mimi ningeendelea kusugua na kuamka usiku na kusema uzee. Lakini kosa ni kosa. Kama ua lile lingekuwa la Salimu, ningekuwa nimelimwaga chooni kwa mkono wangu huu na kuliacha likue. Mlango ulikuwa mmoja tu, na si mimi niliyeufungua. Siwezi kujisifu, na siwezi kunyamaza. Nakaa tu nikistaajabu.

Alhamisi, 8 Mei

Dokta Erisa amekuja stesheni tena, na safari hii hakusema na wanaume peke yao. Kaomba waitwe wafuaji, yule anayefagia gereji, na mpishi anayewasha jiko la makaa. Wanawake watano tumesimama mstari mmoja na wazimamoto. Kila mmoja na chupa.

Kapiga marufuku petroli. Makoti yasiingie nyumba za kulala, yafuliwe nje, mikono ivae mifuko ya mpira. Sajini kalalamika kwamba kwa usafi huu watafanana na wahudumu wa hoteli. Nikamwambia yeye hoteli gani ingemwajiri.

Kulikuwa na mwanamke mgeni, mke wa kurutu, ameficha chupa yake ndani ya gauni, hataki. Kaniuliza pembeni kama si afadhali aombe mkojo wa mtu mwingine. Nilimvuta nyuma ya gari la maji nikamweleza mambo yangu yote, hata yale ya meza ya upasuaji. Alikwenda mbio akaijaza.

Jumatano, 2 Julai

Siku ya kutazamwa tena. Salimu kanisindikiza ingawa alikuwa ametoka zamu ya ghala la kahawa, hajafumba jicho. Nilimwambia abaki. Hakunisikiliza, naye ana kichwa changu.

Taa imeingia, taa imetoka. Wakasema tungoje kioo.

Tulikaa ukumbini, benchi moja. Hakukuwa na watu wengi. Mvua nyembamba nje. Salimu aliniambia jambo kuhusu mtoto wao mpya, anavyoshika kidole, na katikati ya maneno akalala. Kichwa kikaniangukia begani. Kizito. Hajaniwekea kichwa tangu alipokuwa na meno ya maziwa.

Mlango wa mwisho wa ukumbi ukafunguka, Dokta Erisa akatoka na kioo mkononi. Alikuwa anatabasamu, akafungua mdomo aniite.

Niliweka kidole midomoni, nikamwonyesha mwanangu. Akanyamaza. Akatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia: hakuna kitu. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango bila sauti.

Nilikaa. Sikumwamsha.